Sheria Imetoa Saa, Haikutoa Mahali: Mbeleko Katika Historia Yetu

Mwezi uliopita mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni, ambaye sasa anafundisha Mpuguso, kilomita chache kutoka mjini Tukuyu, aliniandikia ujumbe. Ana mtoto wa miezi mitano. Ameitwa kwenye semina ya siku tano jijini Mbeya. Barua ya mwaliko inaeleza kwamba nauli, malazi na chakula vitagharimiwa na waandaaji, kisha mstari wa mwisho unaagiza washiriki wasije na watoto. Yeye atakwenda na wa kwake, kwa sababu bado ananyonya, na mdogo wake atakaa naye nje ya ukumbi. Swali lake kwangu lilikuwa dogo: "Shikamoo Mwalimu. Kwa safari hii ninunue kile kibebeo cha mikanda, au niende na kanga zangu? Kipi hakitanichosha, na kipi nitaweza kumnyonyeshea humohumo garini bila kujivunjia heshima?"

Mimi ni mwanamume na fani yangu ni historia. Nimebelekwa, sijabeleka. Nadhani aliniuliza nusu kwa utani, akikumbuka mihadhara yangu juu ya biashara ya nguo. Hata hivyo ule mstari wa mwisho wa barua haukunitoka akilini. Mtu anayeuliza mbeleko ipi ni nzuri anauliza pia mbeleko hiyo itaruhusiwa kuingia wapi, na swali hili la pili lina historia ndefu kuliko la kwanza. Nimeona nimjibu hapa, mbele ya wasomaji wengine, kwa kuwa baadhi yenu ndio mnaoandika barua za namna hiyo.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kubeleka, yaani kumbeba mtoto mgongoni kwa nguo, na kutokana nacho tumepata mbeleko. Kitenzi hiki si mali ya pwani peke yake. Wachewa wa Malawi husema kubereka, Washona kubereka, Wazulu kubeletha, Waxhosa kubeleka. Na katika lugha hizo neno hilohilo lina maana mbili, kumbeba mtoto mgongoni na kumzaa. Kinyakyusa kimefika mahali palepale kwa njia nyingine. Kwa Wanyakyusa ukupapa ni kuzaa, na wazazi ni abapapi. Ukivuka mpaka ukaingia Zambia, kwa Wabemba, kitenzi hichohicho papa ni kubeba mtoto mgongoni. Mizizi miwili tofauti, na yote miwili imeunganisha uzazi na mgongo. Mimi husoma ushahidi huo hivi: kwa wazungumzaji wa lugha hizi, kuzaa hakukukoma siku ya uchungu. Kuliendelea mgongoni kwa mwaka mzima na zaidi.

Pwani walikwenda hatua moja mbele, wakaiandikia kazi hiyo malipo. Katika posa ya Waswahili, pamoja na mahari ya binti, baba yake alipewa kilemba, na mama yake alipewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto. Bwana harusi alikuwa anarudisha, kwa nguo mpya au kwa fedha, vitambaa alivyochakaza mkwewe katika kumlea huyo binti anayemchukua. Hadi leo katika barua za posa mjini na mashambani utaona mstari wa "mkaja wa mama", hata pale wanaoandika hawajui tena mkaja ni kitu gani. Huo ni uhasibu, na ni wa kale kuliko ofisi zetu za fedha.

Nguo yenyewe imebadilika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Tumezoea kusema kanga ni utamaduni wetu tangu enzi na enzi, ilhali kanga kama tuijuavyo, yenye pindo, mji na jina, ni kitu cha mwishoni mwa karne ya 19, kilichotokana na leso zilizoshonwa pamoja na wanawake wa mwambao. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Kabla ya pamba kufika, akina mama wengi wa nyanda za juu walibeba watoto kwa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta. Wanyakyusa walijulikana pia kwa nguo za magome ya miti, ambazo wamishonari wa Moravian walizikuta walipofika Rungwe mwaka 1891.

Pamba ilipanda milima kwa njia kadhaa, kwa misafara ya biashara na kwa misheni, lakini iliyoieneza hadi nyumba ya mkulima wa kawaida ilikuwa mishahara ya wanaume waliohama. Kodi ya kikoloni ilitaka fedha. Vijana wa Rungwe wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakavuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Bunyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta mkondo huo ukiwa umekomaa: wanaume wanakwenda na kurudi, na wanaporudi wanaleta nguo. Kwa hiyo kitambaa kilichomfunga mtoto mgongoni kilikuwa ndicho kitambaa kilichomwondoa baba nyumbani. Mama alibaki na shamba, ndizi na mtoto.

Na huko Rungwe kitambaa kimoja hakitoshi. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zina baridi ya kuuma masikio. Ndiyo maana mama wa huko hufunga kanga ya kwanza kubana, kisha hutandaza ya pili au blanketi jepesi juu yake. Kanga kuuzwa doti, yaani mbili mbili, kulimfaa sana: moja ya kazi, moja ya hali ya hewa.

Baada ya Uhuru kulikuwa na kipindi kifupi ambapo mbeleko ilikuwa jambo la sera ya viwanda. Urafiki, Dar es Salaam, na Mwatex, Mwanza, vyote vilianza uzalishaji mwaka 1968, na kanga na vitenge vya nchini vikafika hadi maduka ya vijijini. Kisha ukaja mwisho wa miaka ya 1970. Vita vya Kagera, mafuta, fedha za kigeni, wasomaji wenye umri wangu wanayakumbuka. Kanga ilipangiwa foleni kama sukari. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mitumba ikafunguliwa mlango, na ndani ya mabelo ya mitumba ndimo baadaye kilimoingia kile kibebeo cha mikanda ambacho mwalimu wangu wa Mpuguso anakiulizia.

Nitakirudia. Kwanza niseme jambo ambalo wanaharakati wenzangu huwa hawapendi kulisikia. Mbeleko ya zamani haikuwa pepo. Monica Wilson ameeleza kwa kirefu mwiko wa mkamwana wa Kinyakyusa na baba mkwe wake: asimtazame, asikutane naye, akimwona anakuja aiache njia na kujificha. Fikiri mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa kuni kichwani, anaingia majanini kila anaposikia sauti ya mzee. Njia ya kijiji haikuwa yake hata wakati huo. Tena aliyembeba mtoto hakuwa mama pekee. Mara nyingi alikuwa binti wa miaka saba au minane, dada wa mtoto, ambaye mbeleko ilimfunga yeye kama ilivyomfunga mdogo wake. Wasichana wangapi hawakukaa darasani kwa sababu ya kazi hiyo, hakuna rejista iliyowahesabu. Na Azimio la Arusha la 1967 lenyewe lilikiri kwamba wanawake wa vijijini walifanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku huku wanaume wengi wakiwa na muda wa kupumzika. Saa hizo nyingi zilifanyika na mtoto yupo mgongoni. Anayeisifu mbeleko bila kuuliza mgongo ulibeba nini kingine anasifu kitambaa tu.

Lakini mbeleko ile, pamoja na adha zake zote, haikuzuiwa kuingia mahali pa kazi. Shambani iliingia, sokoni iliingia, kisimani na msibani vilevile. Mahali pa kwanza palipokuwa na mlango usioipokea palikuwa ofisi.

Ofisi tuliyorithi ilikuja na mtumishi wake wa kufikirika. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotutawala na kutufundisha namna ya kupanga majalada, ilikuwa na kanuni iliyomtaka mtumishi mwanamke wa serikali yake ajiuzulu akiolewa. Kanuni hiyo ilifutwa katika utumishi wa ndani mwaka 1946 tu. Utumishi uliojengwa na watu wenye kanuni hiyo haukuwa na sababu ya kufikiria kiti cha mama anayenyonyesha. Karani wake alikuwa mwanamume mwenye mke nyumbani, na wazungu wachache wenye familia waliwaachia watoto yaya. Tulipochukua nchi mwaka 1961 tulibadilisha bendera, tukabadilisha baadaye hata lugha ya majalada. Mpangilio wa vyumba ulibaki ule ule. Mwaka 1981 Bunge lilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na ni jambo jema. Lakini kituo ni mahali pa kumwacha mtoto, na mtoto wa miezi mitano anayenyonya mara nane au kumi kwa siku haachiki kirahisi.

Sasa niingie kwenye kibebeo cha mikanda. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alikuwa Togo na Peace Corps, shirika lilelile la watu wa kujitolea ambalo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zake za kwanza mwaka 1961. Aliwaona akina mama wa Togo wakiwa na watoto migongoni, watoto wametulia. Aliporudi kwao na kujifungua, alijaribu kufunga kitambaa kama wao, mtoto akawa anateleza. Akamwomba mama yake, Lucy Aukerman, amshonee mfuko wenye mikanda. Mfuko huo ulipata hataza mwaka 1969, ukauzwa kwa jina la Snugli, na mwaka 1985 biashara yote ikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi. Moore mwenyewe hakuficha alikoutoa ujuzi huo. Wanawake wa Togo hawakuwa na ofisi ya hataza ya kwenda. Baada yake kampuni nyingi zimeunda vya aina hiyo, na vinapochakaa huko husafiri ndani ya mabelo hadi Kariakoo, na hadi Mwanjelwa, Mbeya, ambako mama wa Kiafrika hununua kwa fedha taslimu wazo lililoondoka Afrika bure.

Sisemi haya ili mwalimu wangu akisusie. Kitu kizuri ni kizuri hata kikiwa kimezunguka dunia. Nimewauliza wakunga wawili na akina mama kadhaa, nimesoma nilichoweza kusoma, na jibu langu kwake ni hili.

Kwa kutembea kwa muda mrefu, kibebeo cha mikanda chenye mkanda mpana wa kiunoni kina faida, kwa sababu uzito wa mtoto hukaa nyongani mwa mama badala ya kuning'inia mabegani. Kanga inayofungwa kwa fundo juu ya ziwa, namna wanavyofunga wengi, huweza kumuumiza mama ambaye maziwa yamejaa. Afadhali ipite bega moja na chini ya kwapa la pili, na zamu za bega zibadilishwe njiani. Kwa kunyonyesha, kanga inashinda. Mama hulegeza kidogo, humzungusha mtoto kutoka mgongoni kupitia ubavuni hadi mbele, na kanga ya pili inakuwa pazia. Kwenye mikanda lazima ashushe kamba za mabega, na kama vifungo vya plastiki ni vya mtumba, avivute kwa nguvu mara kadhaa na aikague mishono kabla ya kuvikabidhi uhai wa mtu.

Jambo la pumzi halina mzaha. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kuhesabu vifo 14 vya watoto waliokuwa ndani ya vibebeo vya mfuko wa begani katika miaka 20; 12 kati yao hawakuwa wametimiza miezi minne. Mtoto mchanga hawezi kuinua shingo, na kitambaa kikimziba pua au kidevu kikimlalia kifuani, hufa bila kulia. Kwa hiyo mama aweze kuuona uso wa mtoto au kuuhisi uko wazi, kidevu kisigandamane na kifua, na akimaliza kunyonya arudishwe wima.

Juu ya nyonga, bibi zetu hawakuhitaji mshauri. Mtoto aliyebelekwa vizuri hukaa amepanua miguu, magoti yako juu kuliko makalio, kama chura. Mkao huo huisaidia nyonga kukomaa katika kiungo chake. Vibebeo vyenye kiti chembamba, vinavyoiacha miguu ya mtoto ikining'inia kama suruali kwenye kamba, havifai kwa jambo hilo. Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi katika hospitali moja ya mifupa ya watoto nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe kutoka kwetu, walichapisha hesabu ya miaka 10: kati ya watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa, hakuna hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ambayo haikukomaa, tatizo ambalo ni la kawaida katika nchi za Ulaya. Madaktari hao wanafikiri kubebwa mgongoni ndiko kunakoleta tofauti. Hilo halijathibitishwa kwa jaribio, lakini linaendana na tunachokijua juu ya mkao wenyewe.

Ama kuhusu gari: barabara ya Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70, yenye kona na miteremko, na Kosta hujazwa. Asikae na mtoto mgongoni. Mgongo wa mama na egemeo la kiti ni vinu viwili. Mtoto aje mbele, uso uwe wazi, na mama achague kiti kilicho mbali na kioo cha mbele. Wala asidhani kwamba kanga au mikanda itamlinda mtoto gari likigonga. Hakuna mbeleko inayofanya kazi hiyo. Bodaboda ya kutoka Mpuguso hadi stendi aiache kabisa, hata konda akipiga honi.

Kwa ufupi wa shauri: kwa safari hii aende na kanga mbili nzito, za pamba tupu, zilizokwisha fuliwa mara kadhaa, kwa sababu kanga mpya yenye gundi ya dukani huteleza. Fedha ya kibebeo ailipie nauli ya mdogo wake, maana barua ile haikumtaja.

Hapo ndipo tunaporudi mahali pa mbeleko, na nataka kuonyesha kwamba taasisi zikiamua, hubadilika. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, hospitali ya wazazi ilikuwa imejaa kupita kiasi na mashine za kutunzia watoto njiti hazikutosha. Daktari Edgar Rey, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, wakaanza kuwafunga watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, ambayo leo inaitwa huduma ya kangaruu, ilidharauliwa kwa muda kama tiba ya maskini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito chini ya kilo 1.8 waligawanywa: kundi moja lilifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, la pili lilisubiri hadi hali itulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika kundi la kwanza walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Katika la pili asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Wasomaji wa sera waangalie kilichohitajika ili utafiti huo ufanyike. Kitambaa kilikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto mahututi, wodi ambayo awali ilimpokea mama kama mgeni wa saa za kutembelea. Hospitali zililazimika kupanga upya vyumba, kupanga upya zamu, na kukubaliana nani anamhudumia mama aliyejifungua usiku ule ule akiwa hapo. Mbeleko ilirudi mahali ilipofukuzwa kwa kuongezewa kitanda.

Tulinganishe na ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mtumishi likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 kwa zaidi ya mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kufanya hivyo katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni sheria nzuri, na nimekutana na watumishi wengi wasiojua kwamba ipo. Fanya hesabu, msomaji. Siku 84 ni wiki 12. Wataalamu wa afya, wizara yetu ikiwamo, wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani wiki 26 hivi. Kuna wiki 14 katikati, ambapo mama yuko kazini na mtoto hatakiwi kupewa kitu kingine. Saa mbili za kifungu cha 33 ndizo daraja la wiki hizo 14. Kwa mwalimu ambaye mtoto wake yuko nyumba ya jirani na shule, daraja linavukika. Kwa yule ambaye nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, saa mbili zinaishia njiani, kwenda na kurudi, na mtoto hajanyonya. Sheria imetoa saa, haikutoa mahali. Haikusema mtoto awe wapi saa hizo zinapofika, wala mama aketi wapi.

Kenya walijaribu kuziba pengo hilo. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia na mtoto wake wa miezi mitano katika ukumbi wa Bunge la Taifa. Aliyekuwa akiongoza kikao alimwamuru atoke, na wabunge wengine wanawake wakatoka naye. Nyumba iliyotunga sheria ya chumba haikuwa imeandaa chumba cha kumtosheleza mbunge wake siku ile. Mtoto wa Kwale na mtoto wa Mpuguso, mwanya wao ni miaka tu. Umri wao ni mmoja.

Na hapa kwetu jambo linazidi kuwa la haraka. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio lililokuwa likiwakatalia wasichana waliojifungua kurudi katika shule za umma. Uamuzi huo ulipigiwa makofi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Sasa wasichana hao wanarudi, baadhi wanaendelea hadi vyuo vya ualimu na vya afya, na kila mmoja ana mtoto mahali fulani. Nikiuliza mtoto yuko wapi, jibu ninalopewa karibu kila mara ni "kwa bibi". Bibi wa Rungwe, mwenye miaka sitini, ameifunga upya mbeleko aliyoiweka sandukuni miaka 20 iliyopita, ili serikali ipate mwalimu. Hakuna anayemlipa ubeleko.

Nimezisoma tena barua za semina na mafunzo nilizozihifadhi mwenyewe katika miaka yangu ya utumishi. Zinataja nauli, posho, malazi, chai ya saa nne, kalamu, daftari, na katika moja hata rangi ya fulana. Nyingi haziwataji watoto kabisa. Zinazowataja zinawataja kama yule aliyeandika barua ya Mbeya: wasije.

Najua kurasa hizi zinasomwa na maofisa utumishi, wakuu wa vyuo na waratibu wa mafunzo katika wilaya kadhaa. Nawaomba mniandikie, bila kutaja majina kama hamtaki. Katika ofisi yenu, mama anayezitumia saa zake mbili hunyonyeshea wapi? Chumba gani, kiti gani, mlango una kitasa? Mtoto analetwa na nani, naye anasubiri wapi mvua inaponyesha? Na katika bajeti ya semina yenu iliyopita, nauli ya mlezi iliwekwa kwenye kasma ipi? Nitayapanga majibu kwa wilaya, nikianza na Rungwe.